Jibu kwa msomaji wa Mbagala: maneno ya kina hukuaje katika lugha ya kubuni?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naandika hadithi ndefu kuhusu watu wa kubuni wanaoishi visiwani na kula kwa kupiga mbizi. Nimewatungia lugha, naiita Kilaro. Yupo pia mfanyabiashara anayekuja kununua lulu, aliyejifunza Kilaro ukubwani. Neno lao la kina ni *dolu*, nami nimelitumia kila mahali: maji dolu, usingizi dolu, sauti dolu, msitu dolu, mapenzi dolu. Kinyume chake ni *sidolu*. Rafiki yangu aliyesoma sura za mwanzo ameniambia lugha hii inanukia darasani. Nifanyeje maneno haya yaonekane yamekua yenyewe? Na je, ni lazima niwe na neno la maji mafupi?"

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako ana sikio zuri. Neno *dolu* lenyewe halina ubaya, linatamkika na lina uzito wake mdomoni. Shida ni kwamba umelitunga likiwa limeshapewa kazi zote tano kwa siku moja, na hakuna neno la kina duniani lililopata kazi zake hivyo.

Hakuna jamii iliyoketi ikatafuta neno la kina. Watu walikuwa na shughuli zao: kuchimba kisima, kushusha nanga, kufuata pweza miambani, kuvuka mto na mtoto mgongoni. Kila shughuli ilikuwa na kitenzi chake, na kitenzi hicho kikisemwa vizazi kwa vizazi ndicho kilichozaa jina au sifa. Kwa hiyo kabla hujatunga neno, amua nani anapima, na anapimia nini: mguu, pumzi, kamba au jembe. Ukishajibu hilo, nusu ya msamiati wako umeupata.

Tazama Kiswahili tunachokisema hapa Dar es Salaam kila siku. Serikali inapotangaza mradi wa maji vijijini husema "visima virefu na vifupi". Kisima kinakuwa kirefu kama mnazi ulivyo mrefu, kama safari ilivyo ndefu. Kwetu, kwenda chini ni urefu tu, uliogeuzwa upande. Kilatini nacho kilikuwa na tabia inayokaribia hiyo: *altus* ilisemwa kwa mlima na kwa bahari pia, juu na chini vikiwa mstari mmoja. Kiingereza kimekata mstari huo vipande, kikawa na neno la mti, neno la barabara na neno la shimo. Hakuna lugha iliyokosea hapo. Kila moja imechagua mahali pa kukata, na wewe unayo haki ya kukata Kilaro unapotaka, ilimradi ujue umekata wapi.

Sasa shuka ufukweni usikilize. Mvuvi wa Kunduchi akikuonya usiende upande fulani, huenda asitaje kina kabisa. Atasema pale pana maji mengi. Hiyo ni lugha ya wingi, na methali yetu imeibeba: "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Mama anayewaangalia watoto wakiogelea atasema maji ya magoti, maji ya kiuno, maji ya shingo. Mwili wenyewe ndio kipimo, na kipimo hicho kimeshapanda hadi kwenye misemo: mtu aliyebanwa na madeni maji yamemfika shingoni. Baharia wa zamani alishusha *bildi*, kile kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba, kisha akahesabu *pima*, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, dhiraa nne, kama futi 6 hivi. Na ukifungua taarifa ya habari kuhusu bandari yetu utasikia "kuongeza kina cha gati", na hapo ndipo *kina* linapokuwa nyumbani kwake hasa, kwenye namba na vipimo vya wahandisi.

Halafu kuna *kilindi*. Hili si kipimo, ni mahali. Kina unaweza kukiongeza au kukipunguza, kilindi unakifikia au unakiepuka. Jina la Kilindini kule Mombasa limetoka humo. Katika Kilaro utahitaji kutenganisha vitu hivi viwili, kwa sababu watu wanaoishi kwa kupiga mbizi wataipa mahali jina muda mrefu kabla ya kukipa kipimo jina. Mahali panaua watu. Kipimo huja baadaye, anapotokea mtu wa kuuliza "kiasi gani?"

Jambo moja zaidi la pwani, nalo nakusihi ulitumie kwa sababu ni lako, umezaliwa nalo. Hapa kwetu, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 ndani ya saa sita na ushei. Pale Msasani alipopita mtu asubuhi kwa miguu akiokota chaza, mchana inapita mashua. Kwa watu wa namna hii, ufupi wa maji si sifa ya mahali. Ni saa. Ndiyo maana kitenzi *kupwa* kina nguvu kubwa kwetu, na neno *pwani* lenyewe limetoka humo: mahali panapopwa. Visiwa vyako vina maji kujaa na kupwa? Kama ndivyo, basi Kilaro hakihitaji sifa ya "maji mafupi". Kinahitaji kitenzi, na kitenzi hicho kitakuwa na wakati: maji yamefupika, yanafupika, yatafupika usiku. Hata upande wa kina, lugha nyingi husema kwa kitenzi. Kizulu kina *jula*, kuwa na kina, na mzungumzaji anayegeuza kitenzi hicho apate maana zake zote haoni upungufu wowote.

Baada ya kuchagua chanzo, hatua ya pili ni kukisahau. Nasema kwa dhati: neno linalofanana bado na chanzo chake ni neno changa. Chukua *ndani* na *chini*. Sisi tunayasema mara mia kwa siku bila kuona chochote humo. Lakini *chini* ni *nchi* pamoja na *-ni*, yaani ardhini. Na *ndani* imejengwa juu ya neno la kale la Kibantu lenye maana ya tumbo, *nda*, ambalo Wakikuyu wanalo mpaka leo. Kiswahili kikachukua *tumbo* kwa kiungo hicho, *nda* ikafa, na *ndani* ikabaki yatima. Yatima huyo ndiye aliyezaa *undani*, na leo tunachambua mambo "kwa undani" bila kujua kwamba mwanzo wake ni tumbo.

Hebu tufanye hivyo kwa Kilaro. Sema kitenzi cha kupiga mbizi ni *tafa*, na kiambishi cha mahali ni *-ne*. Wazee wa kwanza walisema *tafane*: mahali pa kupiga mbizi, pale ambapo mguu haugusi. Mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, kwa hiyo irabu ya katikati inadhoofika na kudondoka: *tafne*. Herufi f mbele ya n haikai vizuri. Midomo iko karibu na pumzi inaelekea puani, basi f inageuka m: *tamne*. Mabadiliko ya aina hii yapo katika lugha halisi. Neno la Kilatini la usingizi, *somnus*, lina m iliyokuwa p kabla ya n, na ndugu yake *sopor* bado ameishika ile p. Baada ya hapo leta kitenzi kipya cha kupiga mbizi, labda msemo kama huu wetu wa "kupiga" kitu, ili *tafa* ibaki kwenye nyimbo za kale tu. Sasa *tamne* imekuwa yatima. Mtoto wa Kilaro anasema *tamne* kwa maana ya kina, na hajui kwamba babu yake alikuwa anataja kazi.

Upande wa pili fanya vivyo hivyo kwa kusimama. Kitenzi ni *geli*, mahali pa kusimama ni *gelne*, kisha ulimi unafanya uvivu na kusema *genne*. Tazama ulichopata: *tamne* na *genne*, pale pa kuzamia na pale pa kusimamia. Hayafanani kwa sura, hakuna kiambishi cha kukanusha kinachoyaunganisha, lakini yanakaa pamoja kama jozi kwa sababu yametoka kwenye maisha ya watu walewale. Hapo rafiki yako hatanusa darasa tena.

Na sasa tuje kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, ambayo watunzi wengi wa lugha huipita mbio. Chanzo cha neno ndicho kinachoamua litatembea kwenda wapi. Waliopata kina chao kwa jembe watakuwa na sitiari za jembe. Sisi tunayo hiyo: kutoka *chimba* tumepata *chimbua*, kutoka hapo *chimbuko*, na mwandishi wa habari "anachimba" mpaka aupate ukweli. Kwa wachimbaji, kina ni asili na ushahidi, kitu kilichofukiwa kinachoweza kufukuliwa. Waliopata kina chao kwa kupiga mbizi wana picha tofauti: *kuzama*. Mtu amezama kwenye mawazo, amezama kwenye kitabu, kazama kwenye penzi la mtu asiyemjali. Hakuna kinachofukuliwa hapo. Mtu mwenyewe ndiye anayepotea, na walioko juu wanasubiri aibuke. Waliopimia kamba huishia kwenye maarifa. Kiingereza kilikuwa na neno la mikono iliyonyooshwa, *fathom*, lilelile la kumbatio, likawa kipimo cha baharia kinacholingana na pima yetu, na mwisho likawa kitenzi cha kuelewa jambo gumu. Nasi tunapima maneno ya mtu kabla ya kuyajibu. Waliotoka tumboni, kama *ndani*, hufika kwenye siri na unyoofu: yaliyo moyoni, mambo ya ndani ya familia.

Watu wako ni wapiga mbizi. Basi *tamne* isiwapeleke kwenye "mawazo yenye hekima" kwa urahisi, kwa sababu hiyo ni safari ya wenye kamba. Safari ya mpiga mbizi ni pumzi. Mtu anayekwenda chini kwa pumzi yake anajua kimya, giza, baridi, masikio kuuma, na kuhesabu. Kwa hiyo *tamne* inaweza kwenda kwenye ukimya kwanza: mtu tamne ni mtu mkimya, anayejua kushika pumzi, asiyeropoka. Kisha kwenye hatari. Kisha, miaka mingi baadaye, kwenye uaminifu, kwa kuwa anayekushikia kamba ukiwa chini ni lazima awe mtu wa kutunza neno. Ukifika hapo umepata maana ambayo haipo katika Kiswahili wala Kiingereza, na msomaji ataielewa bila tanbihi kwa kuwa amewaona wakizamia tangu sura ya kwanza.

Turudi kwenye orodha yako ya *dolu*. Nimeikagua kipande kwa kipande, na nakwambia imetoka kwenye Kiingereza moja kwa moja. Sisi wenyewe hatusemi usingizi wa kina. Tunasema usingizi mzito. Sauti ni nzito au nene. Msitu ni mnene. Rangi imekolea. Usiku ni wa manane. Pumzi ni ndefu: "vuta pumzi ndefu," anasema daktari. Penzi ni la dhati. Na ile bahari ya mbali wanakokwenda meli kubwa za uvuvi, sheria zetu zinaiita bahari kuu. Kiswahili kimegawa kazi hizo kwa uzito, unene, urefu, ukolevu na ukuu, na *kina* imebaki na maji, mashimo na uchambuzi. Kichina kimegawa kwa namna nyingine: neno lao la kina, *shen*, ambalo huandikwa kwa herufi yenye alama ya maji, linashika pia rangi iliyokolea na usiku uliosonga sana. Hiyo ni njia halali, na Kilaro kinaweza kuifuata. Ila usiifuate bila kuichagua. Pitia maneno yako matano na uulize kila moja: mpiga mbizi angelionaje hili? Usingizi, ndiyo, anaweza kuuona kama kuzama. Msitu, sidhani, kama visiwani mwao msitu ni vichaka vya mikoko, huko mtu hakwendi chini, anakwenda ndani, na tope linamshika. Mpe neno jingine.

Hilo la msitu linagusa jambo ambalo hukuuliza lakini litakusumbua baadaye. Kina si lazima kiwe cha kwenda chini. Pango lina kina likienda mlalo. Kabati lina kina kutoka mlangoni hadi ubao wa nyuma, na fundi wa Keko atakwambia sentimita ngapi kwenda juu, ngapi kwenda pembeni na ngapi kwenda ndani. Kinachounganisha shimo, pango na kabati ni mdomo: kuna uwazi, mtu amesimama hapo, na anakadiria mbali kiasi gani mpaka mwisho usioonekana vizuri. Amua kama *tamne* inaweza kulala mlalo. Mimi ningekataa. Neno lililozaliwa majini libaki limesimama, na mapango ya visiwani yapate neno la tumbo. Toki Pona, lugha ndogo iliyoanza kutangazwa mwaka 2001 na Sonja Lang wa Kanada, ina *insa*, ambayo ni ndani na ni tumbo kwa pamoja, na ina *anpa* kwa mambo ya chini. Neno la peke yake la kina haina. Msemaji huunganisha alivyonavyo. Inatosha kwa lugha iliyokusudiwa kuwa na maneno kama 120 tu.

Kuhusu J. R. R. Tolkien, mwandishi wa hadithi za kubuni aliyezitungia lugha, ambaye watu wa fani hii humtaja kila siku, cha kujifunza kwake ni utaratibu. Alianza na mzizi, akaupitisha kwenye kanuni za sauti, akapata familia ya maneno. Katika Kikwenya, mojawapo ya lugha alizotunga, bonde lenye kina ni *tumbo*, na ngome ya chini ya ardhi ya adui mkuu, Utumno, inatoka kwenye mzizi huohuo. Mswahili akiliona *tumbo* hapo hawezi kujizuia kutabasamu, ingawa ni bahati tu ya sauti.

Sasa swali lako la mwisho: ni lazima kuwe na neno la maji mafupi? Hapana. Kifaransa ni lugha kubwa yenye maandishi ya karne nyingi, na mpaka leo kinasema "-enye kina kidogo" kwa maneno mawili. Kihispania na Kiitaliano mara nyingi hivyohivyo. Hii inatokea kwa sababu wanadamu huulizia upande mmoja. Tunauliza kisima kina urefu gani, hatuulizi kina ufupi gani, hata kama tunajua ni kifupi. Upande unaoulizwa hupata neno mapema, mwingine husubiri. Lakini watu wa visiwani hawawezi kusubiri sana, maana chombo hupasukia kwenye maji mafupi. Ndiyo maana nimekupa *genne* na kitenzi cha kupwa. Zaidi ya hapo usitunge. Na kumbuka "Maji ya kifuu bahari ya chungu": kwa mtoto wa miaka mitano *tamne* inaanzia pale ambapo kwa baba yake bado ni *genne*. Waache wagombane juu ya hilo ndani ya hadithi, mazungumzo yao yatakuwa hai.

*Sidolu* nayo usiitupe. Kukanusha kwa kiambishi ni njia ya Kiesperanto, lugha aliyoitoa Zamenhof mwaka 1887: *profunda* ni -enye kina, na *malprofunda* ni kinyume chake. Zamenhof alitaka mgeni ajifunze haraka, na kwa lengo hilo alifanya sawasawa. Kiambishi kimoja kinamwokolea mwanafunzi mamia ya maneno. Sasa katika hadithi yako, kama nimeelewa vizuri, kuna mfanyabiashara anayekuja kununua lulu na aliyejifunza Kilaro ukubwani. Mpe yeye. Aseme *sitamne* kila anapotaka kusema *genne*. Wenyeji watamwelewa, hawatamsahihisha, na watoto watamwiga akigeuza mgongo. Na siku atakaposema *genne* bila kufikiri, hutahitaji kumwandikia msomaji kwamba amekaa visiwani muda mrefu.